Vifaa vya mtandao wa nyumbani: Namakwekwe, Mbale

Mtandao wa nyumbani ni mpangilio wa vifaa unaoziwezesha kompyuta, simu na runinga za nyumba moja kuwasiliana na kutumia kwa pamoja laini moja ya intaneti. Makala hii inauangalia mtandao huo kwa mazingira ya Namakwekwe, mtaa wa makazi katika Divisheni ya Kaskazini ya Mbale, mashariki mwa Uganda. Mbale, iliyo chini ya mlima Wanale, ilipandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020 pamoja na Jinja. Mnunuzi wa mtaa huu hufanya vyema akianza na maswali ambayo boksi la rauta haliyajibu: umeme ukikatika itakuwaje, kuta ni za nini, na laini moja itatumiwa na watu wangapi. Kasi ije baada ya hayo.

Laini ya kuingia

Hadi mwaka 2009 Uganda ilitegemea zaidi setilaiti, na gharama yake ilikuwa kubwa mno kwa nyumba ya kawaida. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka huo, EASSy ikafuata 2010, na kutoka pwani huduma huvuka Kenya kwa mkongo wa nchi kavu mpaka Uganda. Kipande cha mwisho, kile cha kuingia nyumbani, ama ni faiba ama ni mnara wa simu wa MTN au Airtel.

Faiba ikishapita kwenye barabara yako, ichukue. Zaidi ya kasi, uzi wenyewe ni wa kioo na haupitishi umeme, jambo kubwa katika nchi inayopigwa na radi kama Uganda. Hakikisha tu kwamba waya wa chuma unaoshikilia kebo ya faiba kutoka nguzoni unaishia nje, usifike kwenye vifaa. Kampuni hutoa kisanduku cha kupokelea faiba, na vingi vya visanduku hivyo vina waifai yake, hafifu. Rauta yako mwenyewe huchomekwa nyuma yake.

Wengine hutumia rauta ya laini ya simu. Hapa kuna mitego miwili. Rauta inayouzwa na kampuni ya simu mara nyingi imefungwa isikubali laini ya kampuni nyingine, kwa hiyo bei yake ya chini ina masharti. Ile inayoletwa na ndugu kutoka ng'ambo huenda isishike masafa ya minara ya hapa, na adapta yake ikiwa imeandikwa 120V pekee itaungua kwenye umeme wa Uganda wa volti 240. Soma maandishi madogo ya adapta kabla ya kuichomeka. Vifaa vya mawasiliano vinavyouzwa nchini vinapaswa kuwa vimeidhinishwa na Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC.

Kabla ya kununua antena ya nje, zunguka na rauta dirisha kwa dirisha. Mabati ya paa na milango ya chuma huyarudisha mawimbi, na Wanale wenyewe ni ukuta usiopenyeka upande wa mashariki. Ukurasa wa mipangilio wa rauta huonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm: karibu -80 ni nzuri, -110 ni dhaifu. Kuhamisha rauta kutoka kwenye kabati la runinga hadi dirisha linalotazama mnara ni kazi isiyo na gharama inayoweza kuzidi faida ya kifaa kipya.

Ndani ya nyumba

Waifai hutumia zaidi masafa mawili. Ya 2.4 GHz hupenya tofali la kuchoma vizuri zaidi, lakini yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Kwenye safu za mizigo, vile vyumba vya kupanga vilivyoshikamana, kila mpangaji akiwa na rauta au simu inayogawa data, chaneli hizo hujaa jioni na kila mtu hulalamikia kampuni yake. Ya 5 GHz yana nafasi nyingi ila huchoka baada ya ukuta mmoja au miwili. Kwa hiyo nunua rauta yenye masafa yote mawili. Kizazi cha Wi-Fi 5, kilichopo tangu 2013, kinatosha kabisa kwa laini ya megabiti 20 kwa sekunde. Wi-Fi 6 ina maana pale vifaa vinapokuwa vingi kwa wakati mmoja, kama kwenye hosteli ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiislamu.

Chumba cha mbali kisipofikiwa, wengi hukimbilia kirudishi cha mawimbi. Kirudishi cha bei nafuu hupokea na kutuma kwa redio ileile, hivyo hupunguza kasi karibu nusu. Kebo hadi akses pointi ya pili, yaani kisambaza waifai kingine, ni bora, na Cat5e, ambayo hufika mita 100, inatosha. Chunguza kebo kabla ya kulipa: kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Hukatika ikikunjwa na huharibu mawasiliano kwenye masafa marefu. Na usipitishe kebo ya shaba hewani kati ya nyumba mbili. Radi ikipiga karibu, waya huo huubeba msukumo wa umeme hadi kwenye kila kifaa kilichounganishwa. Kati ya nyumba na nyumba tumia faiba au redio.

Vifaa vikae juu, mbali na sakafu. Mafuriko ya mwishoni mwa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika na kuua watu, yaliingia majumbani usiku.

Umeme

Hili ndilo ninaloliona kubwa kuliko mengine. Umeme ukikatika, au uniti za Yaka, umeme wa kulipia kabla, zikiisha, laptopu ina betri na simu ina betri. Rauta ndiyo inayozimika, na intaneti iliyolipiwa inakaa bila kazi wakati mnara bado uko hewani. Fedha ya kwanza ya ziada iende kwenye betri ya rauta.

Rauta nyingi hutumia volti 12 na hula takriban wati 6. UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12 huilisha moja kwa moja, bila kugeuza umeme kuwa 240 kisha kuurudisha tena 12 kama inavyofanya UPS ya kompyuta, inayopoteza nguvu nyingi njiani. Lakini usidanganywe na namba ya boksi. UPS iliyoandikwa 8800 mAh huhesabiwa kwa volti 3.7 za seli zake, siyo kwa volti 12. Zidisha upate takriban wati-saa 32, ondoa upotevu, na rauta ya wati 6 itaishi saa nne hivi, siyo kumi na saba. Mwenye faiba akumbuke pia kwamba kisanduku cha kampuni nacho kinahitaji umeme, na muda unapungua karibu nusu.

Betri ya risasi na asidi ya 12V 7Ah ina wati-saa 84. Ukitumia nusu tu ili isife mapema, unapata kama saa saba. Ikiwa inachajiwa na sola, volti zake hupanda hadi 14 na zaidi, kwa hiyo weka kirekebishi cha volti kati yake na rauta.

Kugawana

Data ndiyo gharama inayorudi kila mwezi. Tangu Julai 2021 Uganda hutoza ushuru wa asilimia 12 kwenye data, na VAT ya asilimia 18 pia ipo. Kwa hiyo rauta inayokuwezesha kuona nani anakula nini huweza kurudisha bei yake. Kompyuta ya Windows iambie kwamba laini ni ya kupimwa, la sivyo masasisho yatamaliza bando kimyakimya. Tafuta rauta yenye uwezo wa kupanga foleni ya data. Bila huo, mtu mmoja akipakia video, mwenzake aliye kwenye mahojiano ya kazi hukatika sauti ingawa kasi ya laini inawatosha wote. Rauta ndogo za MikroTik, za Latvia, hufanya kazi hiyo vizuri, ila zinataka fundi anayezijua.

Wageni wapewe mtandao wao, usiofika kwenye kompyuta za nyumbani. Tumia ulinzi wa WPA2 au WPA3, zima WPS, njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au namba fupi, ambayo udhaifu wake umejulikana tangu 2011, na badilisha nenosiri la msimamizi lililoandikwa chini ya rauta.

Mtandao wa ndani hauhitaji intaneti ili ufanye kazi. Intaneti ilipofungwa nchini jioni ya tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi, na kubaki hivyo mpaka tarehe 18, nyumba yenye rauta bado ingeweza kuchapisha, kupeana mafaili na kusoma Wikipedia iliyopakuliwa mapema kwa programu ya Kiwix. Ndiyo maana rauta yenye tundu la USB la kuchomekea diski inafaa kwa nyumba yenye wanafunzi.

Kugawana na jamaa wa nyumba moja hakuna neno. Kuuza intaneti kwa vocha kwa mtaa mzima ni biashara ya mawasiliano, na Sheria ya Mawasiliano ya Uganda ya 2013 inaitaka iwe na leseni ya UCC. Soma pia mkataba wa kampuni inayokupa laini: ya nyumbani kwa kawaida hairuhusu kuuzwa tena.