Mzigo wa Kiranja

Mei 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri nchini Kenya, viranja wanne walimwagiwa petroli na kuchomwa moto usiku wakiwa wamelala. Waliowaua walikuwa wanafunzi wenzao.

Kiranja tuliletewa na mkoloni kutoka shule za bweni za Uingereza. Ni mwanafunzi anayetumwa kuwaamrisha hirimu zake, kuandika majina ya wapiga kelele, kisha kulala miongoni mwao. Mwalimu, yeye, jioni huenda zake nyumbani!

Mwaka 2009 Kenya ilianzisha mabaraza ya wanafunzi, viongozi wachaguliwe na wenzao. Ni hatua njema. Lakini kijana anayesikia njama ikinong'onwa bwenini amwambie nani, na kesho yake atalindwa na nani?