Changizo la Soko, Wala si Tathmini

Nani aliyewahi kulipa tathmini? Tathmini hufanywa, huandikwa, hupigwa muhuri na kupelekwa kwa mkubwa asiyeisoma. Hailipwi. Lakini waraka mmoja uliotufikia hapa Masalani, ukieleza jinsi maembe, ndizi na tikiti maji za kando ya Tana zinavyoweza kutafutiwa soko, unasema bila haya kwamba fedha za kazi hiyo zitatokana na "tathmini ya washughulikiaji wa mazao", itakayolipwa kwa kila kilo. Niliurudia nikidhani mpiga chapa ameruka mstari. Mpiga chapa hana kosa. Kuna watu walikaa, wakapewa chai na posho, wakakubaliana kwamba hicho ndicho Kiswahili.

Jambo lenyewe msomaji analijua, na sitamchosha nalo. Zao likishatoka mkononi mwa mkulima, yule wa kwanza kulichukua ili alifungashe au aliuze mbele hukatwa kiasi fulani kwa uzito. Fedha hizo huingia katika mfuko wa zao hilo na wa eneo hilo, zikalipia matangazo, upangaji wa madaraja na safari za kusaka wanunuzi. Marekani wana sheria ya namna hiyo tangu 1937, na kamati za lozi na zabibu za California zimeitegemea kwa miaka mingi. Ugomvi wangu ni wa jina.

Tuanze na hiyo tathmini. Ni neno la Kiarabu, na shina lake ni lile lile lililotupa thamani. Kutathmini ni kukitia kitu thamani, kukikadiria bei. Basi "tathmini ya washughulikiaji" ni washughulikiaji wenyewe kukadiriwa bei. Katika kaunti hii ya Garissa, yenye soko la mifugo linalojulikana Afrika Mashariki nzima, mbuzi akitathminiwa kila mtu anaelewa: anashikwa mgongo, anatazamwa meno, dalali anaingiza mkono wake ndani ya mkono wa mnunuzi. Ukimwambia mfanyabiashara wa Ijara kwamba naye atatathminiwa, usishangae akikuuliza ni nani anayetaka kumnunua.

Najua walikoponzwa. Neno la Kiingereza walilolikuta, asesimenti, lina maana mbili, na wao wakachukua ile waliyoizoea katika ripoti za miradi. Laiti wangelifuata hadi chimbuko lake. Limetoka katika Kilatini, katika kitenzi cha kuketi kando: aliyeketi kando ya hakimu akimsaidia kukadiria mtu alipe kiasi gani. Kutokana na kuketi huko ikaja hesabu, na kutokana na hesabu ikaja fedha yenyewe inayodaiwa. Waingereza wakalifupisha neno, wakalikata kichwa, likabaki sesi. Ndiyo, ile sesi yetu, ambayo kila dereva wa kanta kati ya hapa na Nairobi ana risiti yake kwenye dashibodi, ni asesimenti iliyokatwa kichwa. Wataalamu wetu walikuwa na mjukuu wa neno hilo mlangoni pao, anadai shilingi kila asubuhi kwenye kizuizi, wasimtambue.

Na mjukuu huyo ana historia ambayo ingewafaa. Huko India, chini ya utawala wa Kiingereza, ilipitishwa sheria ya sesi ya chai mwaka 1903. Kila ratili ya chai iliyosafirishwa nje ilikatwa senti kidogo, na fedha zote zikapewa kamati ya kuitangaza chai ya India, nje na ndani ya nchi. Kama leo India inahesabiwa taifa la wanywaji chai, sehemu ya sifa hiyo ni ya matangazo yaliyolipiwa na sesi. Sesi, basi, ilikuwa na ahadi ndani yake: umekatwa kwa ajili ya chai, utaiona kazi yake kwenye chai.

Ilipofika Kenya ahadi ikadondoka njiani. Sheria ya Kilimo, ile Sura ya 318, iliziruhusu serikali za mitaa kutoza sesi ya mazao. Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013 zikairithi desturi hiyo pamoja na vizuizi vyake. Tikiti maji likitoka Masalani kwenda Nairobi hupita Garissa, likavuka daraja na kuingia Tana River, likakatiza Kitui kwa njia ya Mwingi, likapita Matuu katika Machakos. Malalamiko ya wenye malori kuhusu risiti juu ya risiti ni ya miaka mingi, hata kama Kifungu cha 209 cha Katiba kinakataza kaunti kutumia uwezo wake wa kutoza kwa namna itakayozuia bidhaa kuvuka mipaka ya kaunti. Kwa masikio ya watu hawa sesi ni jina la fedha inayokwenda isirudi. Ndiyo maana nami, ingawa naipenda nasaba yake, siitaki hapa.

Kuna mwenzangu mmoja, mtu wa vitabu, anayeng'ang'ania ushuru. Hoja yake ni kwamba Tanzania wanasema ushuru wa mazao na mambo yanakwenda. Ni kweli wanasema. Walisema hivyo ulipokuwa asilimia 5, na wakaendelea kusema hivyo mwaka 2017 ulipopunguzwa ukawa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Lakini ule ni ushuru kwelikweli: unakwenda halmashauri, halmashauri inaamua utafanya nini. Neno limekaa mahali pake. Kulihamisha kuja kwenye mfuko wa soko ni kuliongopea.

Ushuru, kwa asili, ni kumi. Ni fungu la kumi la Kiarabu, na Wasomali wanalo pia, canshuur, ambalo leo ndilo jina lao la kodi kwa jumla. Mtoto yeyote wa madrasa hapa mjini atakwambia zaka ya mazao inavyohesabiwa: zao lililonyweshwa na mvua au chemchemi hutolewa sehemu moja ya kumi, na lililonyweshwa kwa kutekewa maji hutolewa nusu ya hiyo. Mkulima wetu anayenunua petroli ya kuvutia maji ya Tana anajua yuko upande gani wa hesabu. Kwa hiyo ushuru una uzito wa dini upande mmoja na uzito wa serikali upande wa pili. Katika pande zote mbili anayetoa hana sauti juu ya matumizi: huku fungu limekwisha kupangiwa wenye haki nalo, kule anapanga mkubwa. Mfuko wa soko ni kinyume chake. Anayetoa lazima aulize.

Mwenye kudhani kwamba natafuta nywele kwenye yai aitazame korosho. Kusini mwa Tanzania, wasafirishaji wa korosho ghafi walikuwa wakilipa ushuru wa kuitoa nje ya nchi, na asilimia 65 ya fedha hizo ilitengewa mfuko wa kuiendeleza korosho yenyewe: pembejeo, utafiti, masoko. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa, fedha zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa Mtwara na Lindi walipiga kelele hadi zikasikika huku. Sisemi jina peke yake ndilo lililoiponza korosho. Nasema kwamba kitu kikishaitwa ushuru, hazina haihitaji kueleza sana kwa nini inakichukua.

Tozo nalo limependekezwa. Kwa muundo ni neno safi: toa, toza, tozo. Ningelichukua bila kusita, ila tangu 2021, Watanzania walipowekewa tozo ya miamala ya simu, limekuwa neno la kununiwa. Ada ni desturi kwa asili, malipo yanayotolewa kwa sababu ndivyo ilivyozoeleka, na tuiachie skule na wapiga ngoma. Wa mwisho katika msururu huu, na huyu alipewa nafasi ya kuzungumza mbele yangu katika kikao ambacho mimi nilipewa dakika tano, alileta "lipizo la mazao". Lipizo! Wasikilizaji wa nyuma walidhani maembe yanakwenda kulipiza kisasi. Alipigiwa makofi.

Pendekezo langu ni changizo la soko. Shina ni changa, kitenzi cha watu kutoa kidogo kidogo hadi kipatikane kinachotosha. Hapo pana ushirika ambao ushuru haunao, kwa sababu mtu hachangi peke yake. Changa likitiwa kiambishi cha kusababisha huwa changiza, na hapo panaingia lazima ambayo mchango wa hiari hauna: anayechangizwa hakujitolea, ametakiwa. Kisha -o ya mwisho inakigeuza kitendo kuwa kitu. Agiza huzaa agizo, funza huzaa funzo, liwaza huzaa liwazo, toza huzaa tozo. Changiza huzaa changizo. Kanuni ni ile ile moja, na haikuhitaji semina ya siku tatu hotelini.

Basi neno moja linabeba mambo matatu ambayo waraka ule ulihitaji maneno matano kuyakosa: kwamba wanaotoa ni wengi, kwamba ni lazima, na kwamba kuna jambo la pamoja linalochangiwa. Soko likiongezwa nyuma yake, jambo hilo limetajwa kabisa. Fedha za changizo la soko zikionekana zimenunua magurudumu ya gari la ofisi, mkulima wa Kotile asiyejua kusoma sheria atauliza, kwa sababu jina limempa swali.

Nimejibiwa kwamba neno hili ni la harusi na matanga, na la mbunge anapokuja kuchangia paa la msikiti. Hasa! Hapo ndipo mahali ambapo Mkenya amezoea kudai hesabu. Fedha za matanga zikipotea, kijiji kizima kinajua zilipitia mkono wa nani. Sijasikia kijiji kikijua sesi ilipitia mkono wa nani. Nimejibiwa pia kwamba changa ni kitu kisichokomaa. Mwenye hoja hii anachanganya kivumishi na kitenzi, na kwa heshima ya vyeti vyake nitaliacha hapo. Jibu la tatu lilikuja kwa maandishi, mistari miwili, kwamba pendekezo langu limepokewa na litafanyiwa tathmini. Angalau mara hii neno limetumiwa sawasawa.

Limebaki lile "washughulikiaji". Kiingereza kilichukua mkono kikaunda jina la mtu anayepitisha bidhaa mkononi mwake. Wetu wakaona mkono ni mdogo, wakachukua shughuli yote. Mkulima pia anashughulikia mazao. Mpalizi anashughulikia, nyani wa msitu wa mtoni anashughulikia kuliko wote. Walioona ubaya huo wakaleta mchukuzi, na kwa hilo utingo anayepakia magunia angedaiwa fedha za soko. Mlanguzi ni tusi. Mchuuzi ni wa rejareja, yuko mwisho wa safari, na sisi tunamtaka wa mwanzo. Dalali, ambaye Wasomali humwita dillaal na ambaye bila yeye hapa hauzwi hata mwanakondoo, hashiki mali. Anakutanisha wenye mali akala chake.

Mtu tunayemtaka ni yule anayesimama chini ya mwembe, anahesabu ngowe na boribo zikiingia kwenye kreti, anatoa fedha, na kuanzia hapo hasara ni yake. Huyo ni mpokezi. Pokea huzaa mpokezi kama tetea linavyozaa mtetezi na lea linavyozaa mlezi. Hospitali zimelikopa kumwitia anayekaa mezani mlangoni, na hazikulinunua.

Faida ya mpokezi ni kwamba linalazimisha swali ambalo "mshughulikiaji" linalifunika: zao limepokewa lini, na nani? California waliligombania hilo hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Familia ya Horne, wakulima wa zabibu, waliamua kufungasha zabibu zao wenyewe. Kamati iliyoundwa kwa amri ya 1949 ikawataka watenge sehemu ya mavuno kama wafungashaji wengine, nao wakasema sisi ni wakulima, amri hiyo haituhusu. Walitozwa faini ya mamia ya maelfu ya dola, na mwaka 2015 mahakama ikawapa ushindi, kwa msingi kwamba serikali haiwezi kuichukua mali ya mtu bila fidia ya haki. Kilichodaiwa pale kilikuwa zabibu zenyewe, si fedha ya kilo. Lakini suala la nani ni mkulima na nani ni mpokezi litafika hapa siku mkulima wa kwanza atakapokodi kanta yake mwenyewe kupeleka tikiti Garissa. Kwa Kiswahili changu jibu lipo: amejipokea, amekuwa mpokezi wa zao lake, atachangizwa kwa kilo zilizotoka shambani kama mwingine yeyote.

Kuhusu matumizi, hakuna mengi. Changizo liko katika ngeli ya LI-YA, wingi machangizo. Mpokezi huchangizwa na kamati humchangiza. Hachangii, maana hapo tutarudi kwenye hiari. Kiwango hutajwa kwa shilingi kwa kilo au kwa kreti. Stakabadhi iandikwe "Changizo la Soko" kwa herufi kubwa, jina la zao chini yake, na jina la mfuko, si la kaunti.