Skrini Kanisani: Chombo Kipya, Swali la Zamani

Katika sharika zetu nyingi za mijini, na sasa hata vijijini palipofika umeme, kando ya madhabahu pamepata mgeni. Ni skrini. Inatuonyesha maneno ya wimbo, somo la siku, matangazo, na mara nyingine uso wa mhubiri ukiwa mkubwa kuliko ulivyo. Vijana wanaifurahia. Baadhi ya wazee wetu wanaona kanisa limegeuzwa ukumbi wa sinema. Kabla hatujahukumiana, inatufaa kukumbuka kwamba Kanisa limekwisha kulijadili jambo la namna hii zaidi ya mara moja.

Mapema mwaka 1522, Martin Luther akiwa bado amefichwa katika ngome ya Wartburg, watu wenye bidii kule Wittenberg walianza kuvunja picha na sanamu za kanisani. Waliona ndizo zinazowapoteza waumini. Luther alirudi mwezi wa Machi, akapanda mimbarini, akahubiri siku nane mfululizo. Hakusema kwamba picha ni lazima, wala hakusema kwamba kuwa nazo ni dhambi. Alifundisha kwamba ni jambo la hiari, na jambo la hiari lisigeuzwe kuwa sheria, ama kwa kuliingiza kwa nguvu, ama kwa kuliondoa kwa nguvu. Kitu kutumiwa vibaya si sababu ya kukivunja. Moyo ndio unaohitaji kufundishwa, nao hufundishwa kwa Neno.

Katika kanisa hilohilo la mji, mwaka 1547, mwaka mmoja baada ya kifo cha Luther, iliwekwa madhabahu yenye picha zilizochorwa katika karakana ya Lucas Cranach. Picha ya chini inamwonyesha Luther mimbarini. Mkono mmoja uko juu ya Biblia iliyofunguliwa, mwingine umenyooshwa. Upande wa pili wako washarika, wanaume, wanawake na watoto. Katikati yuko Kristo msalabani. Mhubiri anamwonyesha Yeye, na washarika wanamtazama Yeye. Hicho ndicho kipimo tulichorithi: chombo chochote cha ibada tukiulize kinamwelekeza nani, na kwa nani.

Hata kitabu cha nyimbo, ambacho leo tunakiona cha kale, kiliingia kama kitu kipya. Katika misa ya Kilatini sehemu kubwa ya uimbaji ilikuwa ya makasisi na kwaya. Mwaka 1524 kilichapishwa kijitabu cha Kijerumani chenye nyimbo nane tu, nne zikiwa za Luther. Mashine ya kuchapa ilikuwa teknolojia ya siku zile, nayo ilitia wimbo wa Injili mikononi mwa mama wa nyumbani na fundi viatu. Waliuimba kanisani, kisha wakaenda nao nyumbani.

Picha za mwanga nazo si ngeni Afrika. Mwaka 1854, David Livingstone alionyesha picha za Biblia kwa taa maalumu katika mji wa Chifu Shinte. Picha ya kwanza ilikuwa ya Ibrahimu akiinua kisu juu ya Isaka. Kioo cha picha kilipovutwa, wanawake waliona kisu kinawajia wao, wakakimbia. Livingstone aliandika kwamba hiyo ndiyo njia pekee ya mafundisho ambayo watu walimsihi airudie. Hapo tunajifunza mambo mawili: picha huvuta watu upesi, na watu wanaweza kukiona kisu wasimwone Mungu aliyemponya Isaka. Bila Neno kufafanuliwa, picha hubaki kioja.

Kisha ikaja redio. Mwaka 1963, mwaka uleule makanisa saba yalipoungana kuwa KKKT, Fungamano la Kilutheri Duniani lilianzisha kituo cha Sauti ya Injili mjini Addis Ababa, na vipindi vya Kiswahili vikaandaliwa studio ya Moshi. Mwaka 1977 serikali ya Ethiopia ilikitwaa kituo hicho. Mitambo ilikuwa imepotea, lakini neno lililokwisha kuingia mioyoni halikuweza kutwaliwa.

Basi, skrini je? Tunaipokea kwa shukrani. Bibi ambaye macho yake hayawezi tena herufi ndogo anaimba beti zote. Mgeni asiye na kitabu hatahayari. Asiyesikia vizuri anafuata liturjia. Hizo ni faida za kweli.

Lakini tuone pia kinachoweza kupotea. Skrini haitoki kanisani. Ibada ikiisha inazimwa, na ubeti uliokuwa ukutani umekwenda. Kitabu cha *Mwimbieni Bwana* kimekaa juu ya meza za nyumba zetu, kimeingia wodini, kimesimama nasi kaburini mvua ikinyesha na umeme haupo. Watoto wetu wa Kipaimara wakizoea kusoma ukutani tu, siku ya kilio wataimba nini?

Kwa hiyo tunashauri hivi. Skrini ikae pembeni, isiufunike msalaba. Wakati wa Meza ya Bwana isionyeshe nyuso zetu sisi wachungaji wala kwaya. Namba ya wimbo itangazwe na ionekane, ili mwenye kitabu akifungue. Na baraza la wazee linapopanga bajeti ya projekta, lipange pia vitabu vya nyimbo kwa kila mtoto anayeanza Kipaimara. Skrini imsaidie mshariki kuimba Jumapili, na kitabu kimsindikize mpaka Jumamosi.