MV Liemba: Meli ya Vita Iliyogeuka Kuwa Meli ya Wananchi

Mkoa wa Singida hauna bandari, lakini umo katika historia ya MV Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Vipande vya meli hiyo vilisafirishwa kwa Reli ya Kati, inayopita Manyoni na Itigi, kusini mwa Wilaya ya Ikungi.

Meli hiyo iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani. Baada ya kuundwa ilifunguliwa, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000 na kupelekwa Dar es Salaam kwa bahari, kisha Kigoma, ambako iliunganishwa upya. Iliingizwa majini Februari 1915, vita vikiwa vimekwisha kuanza. Ilipewa jina la Graf von Götzen, aliyekuwa gavana wa koloni wakati Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905.

Ikiwa na urefu wa takriban mita 71, meli hiyo ilibeba askari na shehena kati ya Kigoma na Kasanga. Ilifungwa mzinga wa milimita 105 uliotolewa katika manowari Königsberg, iliyoangamia katika delta ya Mto Rufiji. Baadaye mzinga huo ulihamishiwa nchi kavu, na mahali pake ukawekwa wa mbao ili kumhadaa adui.

Majeshi ya Ubelgiji yalipoikaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai, 1916, karibu na mlango wa Mto Malagarasi. Kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini grisi nzito wakitumaini kuirejesha siku moja. Wabelgiji waliiibua baada ya vita, lakini ilizama tena katika bandari ya Kigoma.

Mwaka 1924 Waingereza waliiibua na kukuta injini zingali zinafaa kutengenezwa. Ilirudi kazini Mei 1927 kwa jina la Liemba, moja ya majina ya kale ya ziwa hilo. Injini za mvuke ziliendelea kutumika hadi miaka ya 1970, zilipobadilishwa kwa za dizeli.

Kwa miaka mingi ilihudumia vijiji vya mwambao visivyo na barabara, ikisafirisha abiria, dagaa, mahindi na bidhaa za madukani hadi Mpulungu, Zambia. Penye vijiji visivyo na gati, wasafiri waliifuata kwa mitumbwi.

Vita havikuiacha mbali. Mwaka 1997 ilirejesha kwao wakimbizi wa Kongo zaidi ya 75,000. Mwaka 2015, maelfu ya Warundi walipokwama katika kijiji cha Kagunga, ndiyo iliyowavusha hadi Kigoma. Hivyo, chombo kilichoundwa kuimarisha utawala wa kikoloni na kutumiwa kupeleka askari vitani kimekuwa njia ya usalama kwa waliokimbia vita.