Bibi Mpelelezi, Bibi Mtuhumiwa: Mvuto na Mipaka ya Riwaya Tulivu Kanda ya Ziwa

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili umezoea kutenga fasihi dhati na fasihi pendwa, na riwaya ya upelelezi, ikihesabiwa kuwa ya kupotezea muda, husukumwa upande wa pili bila mjadala. Makala hii inapinga hukumu hiyo kwa tawi moja tu, riwaya tulivu, ambamo mauaji hayaoneshwi kwa damu, mpelelezi si askari bali raia mwenye jicho kali, na jamii ni ndogo kiasi kwamba kila mtu anamjua mwenzake. Jasusi Willy Gamba wa Elvis Musiba, ambaye bastola haimtoki mkononi, hahusiki hapa.

Mfano ulio karibu zaidi ni Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyejitokeza katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960. Kwamba kiko chake na rafiki yake Najum vinamkumbusha msomaji Sherlock Holmes ni jambo lililosemwa hadi likachuja. Lenye uzito zaidi ni kwamba mwili unapokutwa penye mzimu na lawama zikaelekezwa kwa mizimu, Bwana Msa hulikataa jibu hilo, akamtafuta binadamu aliyehusika. Mvuto wa riwaya tulivu umo humo: shuku iliyotapakaa hukusanywa, ikapimwa kwa ushahidi, na asiye na hatia akarudishiwa heshima yake.

Mvuto huo hugeuka ukifikishwa Mwanza na Shinyanga, nchi ya Wasukuma. Miss Marple, mpelelezi ambaye Agatha Christie alimpa riwaya ya kwanza, The Murder at the Vicarage, mwaka 1930, ni bibi asiyeolewa, aishiye peke yake na ajuaye siri za kijiji kizima. Usukumani sifa hizohizo za uzee, upweke na kujua mambo ya watu ndizo zilizowaponza wanawake wengi waliouawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, mauaji ambayo mtafiti Simeon Mesaki ameyachunguza kwa kina.

Dalili inayotajwa sana dhidi yao ni macho mekundu. Mpelelezi wa aina ya Bwana Msa angeanzia jikoni, penye mafiga, na kuutazama moto wa kinyesi kikavu cha ng'ombe au mabua ya pamba, ambao moshi wake humwasha mpishi macho asubuhi na jioni maisha yake yote. Kisha angeuliza kuni zimekwenda wapi, akaelezwa habari za mapori yaliyofyekwa enzi za ukoloni ili kufukuza mbung'o, na za mashamba ya pamba yaliyoendelea kupanuka. Dalili ingekuwa imesomwa sawasawa, na bibi angekuwa salama, walau kitabuni.

Lakini riwaya tulivu hudai mkosaji mmoja, ilhali nyuma ya panga yumo mpiga ramli aliyetaja jina, yumo ndugu anayelimezea mate shamba la mjane, na wamo majirani walionyamaza. Huenda ikajibiwa kwamba sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanavijiji vilivyoibuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni upelelezi wa wenyeji. Jibu hilo halitoshi, kwa kuwa pamoja na wezi wa ng'ombe viliwaandama pia waliodhaniwa kuwa wachawi.

Pengine ndiyo maana Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, hakuhitaji mpelelezi katika Rosa Mistika (1971): Rosa anapojiua, msomaji ameshamwona baba mlevi na mkali, ameshawaona na wanaume waliomtumia, na hakuna hata mmoja wao wa kutiwa pingu katika sura ya mwisho. Mwandishi atakayejaribu riwaya tulivu ya Mwanza atalazimika ama kupunguza idadi ya wenye hatia, na hivyo kuusaliti ukweli, ama kumkabidhi upelelezi bibi mwenye macho mekundu, uamuzi ambao ungeubadili utanzu wenyewe kuliko lolote lililofanywa tangu Bwana Msa awashe kiko chake.