Tija na Uzalishaji: Istilahi Mbili katika Bonde la Kilombero

Msafiri atokaye Ifakara kuelekea kaskazini hufika Kidatu, penye mashamba ya miwa ya Kilombero. Kiwanda cha kwanza cha sukari kilianza kazi huko mwaka 1962. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 kikawa mali ya umma, na mwaka 1976 kikaongezwa cha pili, Ruembe. Historia yake yatufaa katika kupambanua istilahi mbili ambazo hata wataalamu huzichanganya.

Uzalishaji ni jumla ya kilichopatikana, yaani tani za sukari. Tija ni uwiano wa kilichopatikana na kilichotumika kukipata, ziwe siku za kazi, hekta au fedha. Basi kiwanda cha pili chaweza kuongeza uzalishaji bila ya kuongeza tija hata chembe.

Mchanganyiko huu si jambo la lugha peke yake. Katika mashamba ya mkonge ya wakati wa ukoloni mfanyakazi alipimwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Kipande kilihesabu jasho, si zao. Mazoea hayo ya kuutazama kwanza mkono wa mfanyakazi yalirithiwa na mashirika ya umma. Lakini muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari, na usiposagwa upesi kazi ya mkataji huharibika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika na viwanda vya nchi vikakosa vipuri, mkataji aliyetimiza kazi yake ya siku aliweza kuhesabiwa kuwa tija yake imeshuka, ilhali panga lake halikuwa na hatia. Mabaraza ya wafanyakazi, yaliyoanzishwa kwa waraka wa Rais wa 1970, ndipo pa kulisemea hilo. Lakini lisemwe vipi, ikiwa neno moja labeba mambo mawili?

Mwaka 1998 kampuni ilibinafsishwa, Serikali ikibakiza asilimia 25 ya hisa. Baada ya miaka michache uzalishaji ulivuka tani 100,000 kwa mwaka, na ikasemwa kuwa tija imepanda. Huenda, ila sehemu kubwa ya nyongeza ilitoka katika mashamba ya wakulima wadogo wa jirani, na ardhi hiyo nayo sharti ihesabiwe.

Twapendekeza tija isitajwe peke yake: isemwe tija ya kazi, tija ya ardhi, tija ya mtambo. Mkulima wa Kidatu, alipwaye kwa uzito wa miwa na kiasi cha sukari iliyomo, ana haki ya kujua ni ipi inayozungumzwa.