M-Pesa Ilianza na Mkopo

CAT zimeisha, tunaweza kupumua. Leo nawaletea historia kidogo, maana nyinyi wa sayansi mnasema eti sisi wa Historia na Kiswahili tunajua wafalme waliokufa tu. Haya basi, leo ni simu iliyo mfukoni mwako.

Uliza mtu yeyote hapa chuoni M-Pesa ilibuniwa kwa ajili gani. Atakujibu haraka: kutuma pesa. La hasha! Ilibuniwa ili watu walipe mikopo.

Tuanzie mbali kidogo. Mtu asiye na akaunti wala hati ya shamba, mkopeshaji amwamini kwa lipi? Kule Bangladesh, Muhammad Yunus alianza kutafuta jibu mwaka 1976 katika kijiji cha Jobra: watu wakope wakiwa kwenye kikundi, majirani wachungane. Mtindo huo wa Grameen ukaenea duniani, na hapa Kenya mashirika kama Faulu yakakopesha kwa vikundi. Mnakutana, mnahesabu noti, na mmoja akikwama wenzake wanamjua, wanajua na kwa nini amekwama.

Shida ilikuwa hizo noti. Kuzibeba ni hatari, kuzihesabu kunakula muda. Ndipo Vodafone, kwa ruzuku ya serikali ya Uingereza ya karibu pauni milioni 1, ikashirikiana na Safaricom na Faulu. Oktoba 2005 majaribio yakaanza Nairobi na Thika kwa wateja wapatao 500 tu: chukua mkopo kwa simu, lipa kwa simu.

Sasa oneni maajabu ya wananchi. Wale wateja walipopewa laini wakaitumia watakavyo. Mwingine alimlipia mwenzake mkopo, naye akalipwa kwa njia nyingine. Wafanyabiashara waliweka mauzo ya jioni kwa wakala kwa sababu benki imeshafunga. Msafiri aliweka pesa Nairobi na kuzitoa Thika, asitembee nazo kwenye matatu. Kwa hiyo M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, mkopo uliachwa kando. Ujumbe ukawa mmoja: tuma pesa nyumbani.

Mkopo ulirudi Novemba 2012 kwa jina la M-Shwari, kazi ya Safaricom na Commercial Bank of Africa. Hapa ndipo mimi naona historia iligeuka. Hiyo miaka mitano ya kutumiana pesa ilikuwa imeacha kumbukumbu: unaweka kiasi gani, unatoa lini, unanunua muda wa maongezi kiasi gani, Okoa Jahazi unalipa au unakwepa. Kumbukumbu hizo ndizo zikawa dhamana. Mama mboga asiyewahi kuingia benki akaweza kukopa shilingi 100 akiwa kwenye kibanda chake. Tusidharau hilo! Ada ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Unaona ni kidogo, lakini ukikopa hivyo kila mwezi ni asilimia 90 kwa mwaka. Hesabu wenyewe.

Lakini kikundi kilienda wapi? Programu za mikopo zilipofurika baada ya M-Shwari, baadhi zilikirudisha kwa mlango wa nyuma. Binamu yangu mwaka 2019 alikopa shilingi 2,000 kwenye programu moja, akachelewa siku chache. Waliompigia simu, mnajua ni nani? Mama mkwe wake! Namba waliitoa kwenye simu yake. Mama wa watu hakujua hata mkopo ni wa nini. Mpaka leo binamu akienda ukweni anakaa karibu na mlango.

Mnaona tofauti? Kwenye kikundi cha zamani mdhamini alikaa nawe, akakubali kwa kinywa chake. Kwenye programu, mdhamini alikuwa yeyote uliyehifadhi namba yake, naye hakuulizwa. Aibu ilibaki, ule uchungu wa jirani wa kukusaidia ukaondolewa.

Serikali ilichelewa ila ilifika. Aprili 2020 Benki Kuu ilizizuia programu zisizosimamiwa kupeleka majina ya watu CRB, na ikasema deni lisilofika shilingi 1,000 lisimtie mtu kwenye orodha hiyo. Desemba 2021 sheria ikapitishwa ya kuwapa leseni wakopeshaji wa kidijitali, na kanuni za Machi 2022 zikapiga marufuku kuchokora orodha ya namba za mteja ili kuwasumbua watu wake.

Msinielewe vibaya, sisemi turudi kuhesabu noti kwenye mikutano. Fuliza, iliyoanza Januari 2019, imeokoa wengi hapa hosteli pesa zikipungua kidogo tu kwenye kulipia chakula. Ninachosema ni kwamba kompyuta inajua ulilipa lini, haijui kwamba mwezi ule ulikuwa unamuuguza mzazi. Kikundi kilijua. Aliyekutengenezea kikomo cha mkopo hajawahi kukuona, na ukikwama hana pa kukuuliza kulikoni.

Wiki ijayo wenzangu wanne na mimi tunaanzisha chama pale Block C. Mia mbili kila Jumapili, anayekopa anaeleza sababu mbele yetu, na marejesho yatatumwa kwa simu, kama walivyokusudia wale wa 2005. Anayetaka kujiunga anitafute. Ila usije na mama mkwe wako kama mdhamini!